Kilemba cha Milango Miwili

12 Agosti

Leo nimekwenda shamba na kaka yangu Masoud kuitazama mikarafuu. Imezaa. Masoud aliinua shingo, akasema mashaallah, kisha akanyamaza kama mtu anayechelea kuharibu jambo kwa kulisema. Mama alifariki mwaka jana, miezi kama hii. Masoud alirithi fungu lake na mimi langu, nusu ya lake, ndiyo sharia. Yangu ni mikarafuu ya upande wa bondeni, mikongwe, mirefu. Kiwanja cha mama kilichoko njia ya skuli bado hatujakigawa.

Naandika kwa sababu mambo ya fedha nikiyasema kwa mdomo katika nyumba hii yanageuka kabla sijayamaliza. Niliishia kidato cha pili, mwandiko wangu unasomeka. Nataka nijue mwenyewe nilifikiri nini na lini.

Ninachokitaka ni kimoja. Karafuu zangu zikiuzwa, fedha isiliwe. Iingie kwenye jengo la kukodisha, ilete kodi. Mume wangu Hudhaifa anaendesha gari ya abiria ya Konde na Wete, na gari si yake; siku ikiharibika gari na sisi tunaharibika. Tunakaa kwa mama yake, Bi Mwanawema, hapa Konde, chumba kimoja, kitanda, sanduku na mtoto. Mikarafuu ile haizai hivi kila mwaka. Nikikosea na fedha hii, sijui nyengine itatoka wapi.

17 Agosti

Upepo. Mwanangu Suhaila katoa jino la pili, la chini.

2 Septemba

Wachumaji wameanza. Wanalipwa kwa pishi. Jioni uani kwetu ni kuchambua tu, mikono yote inanuka karafuu, hata chai inanuka. Suhaila aliokota karafuu mbichi jamvini akaitia mdomoni. Alinitazama kama mimi ndiye niliyemfanyia. Alilia, akanyonya, akalala, akaamka akaifuata tena.

Bi Mwanawema alisema, "Mwache. Atajua mwenyewe ile si tende." Ni maneno mengi kwa siku yake. Kwa kawaida husema nami mambo ya sufuria tu.

5 Septemba

Jua zuri. Tumeanika.

6 Septemba

Mvua ya ghafla baada ya adhuhuri. Tumekimbia na majamvi. Gunia moja limerowa.

11 Septemba

Konde imejaa watu. Msimu ukiingia huu mji unavimba: wachumaji kutoka kusini, kutoka Unguja, wauza nguo, wauza simu, wauza chipsi. Sokoni kila mlango wa duka una mtu ndani na mtu nje anasubiri atoke. Nimesimama na Suhaila ubavuni nikahesabu milango nikaacha. Nilikuwa nawaza kila mlango ule mwisho wa mwezi una mtu wa kupokea kodi yake, na mtu huyo hapandi mti wala hakimbii na jamvi.

14 Septemba

Mzee Nassor anauza misumari, kamba na rangi pale sokoni. Ana milango mitatu iliyofuatana. Mmoja anakaa mwenyewe, miwili kawapangisha watu. Nilikwenda kununua kamba ya kuanikia. Akanikalisha kitini, akampa Suhaila peremende nikaichukua, akaniuliza kuhusu mama, akamuombea. Akaniuliza karafuu zikoje. Nikamwambia nataka kuweka fedha kwenye nyumba ya kodi.

Akasema, "Mwanangu, nyumba utajenga mpaka lini? Leo huna saruji, kesho fundi kafiwa. Mimi nimechoka, nataka nibaki na huu mlango mmoja nisalie zangu. Hii miwili nipe kilemba changu tu, sina haja ya jengine. Siku hiyo hiyo ufunguo wako."

"Kilemba kiasi gani, mzee?"

"Kwa mtu mwengine ningesema mbali. Wewe mtoto wetu. Milioni tatu mlango, sita yote miwili."

Nimerudi natembea haraka. Milango miwili ya soko la Konde, iliyokwisha jengwa, yenye watu ndani, kwa milioni sita. Kiwanja kitupu chenye njia mbaya hakipatikani kwa hivyo.

15 Septemba

Hudhaifa anaipenda milango. Anasema, "Unashika leo, mwezi ujao unakula." Masoud haipendi. Anasema tujenge vyumba viwili kwenye kiwanja cha mama, walimu hawana pa kukaa, kila Januari wanaletwa wapya wanahangaika. Nilimwambia vyumba viwili vinataka fedha kuliko niliyonayo. Akasema tuanze, tutamaliza Mungu akijaalia. Masoud ana msingi mmoja alioanza hivyo, sasa umeota mpapai.

Bi Mwanawema alikuwepo, anatwanga. Nilipotaja kilemba cha Mzee Nassor aliinua mchi, akanitazama, akaushusha. Akaendelea kutwanga. Nilijua moyoni mwake: anataka fedha ile niezekee nyumba yake.

23 Septemba

Jua. Tumepeleka gunia za mwanzo kituo cha kununulia karafuu, zimepokewa daraja la kwanza.

1 Oktoba

Nimempa Mzee Nassor arubuni, milioni moja. Nyengine nitammalizia karafuu za pili zikiuzwa. Alishika fedha akasema bismillah. Nilitaka kuandikiana, akasema kilemba ni maneno ya watu wazima, hapa soko zima shahidi. Sikuona tabu. Nilipoolewa, baba mdogo alipewa kilemba mbele za watu, hakuna aliyeandika, nami nikatoka kwao moja kwa moja. Ndiyo kilemba ninachokijua.

4 Oktoba

Nimemwambia Suhaila, "Una milango miwili sokoni." Kanipiga usoni kwa mwiko.

10 Oktoba

Mvua tatu leo. Karafuu zimeingia ndani, tumelala nazo.

12 Oktoba

Mvua.

15 Oktoba

Leo nitaandika kirefu.

Nilikwenda kwa Mwanabaraka, shoga yangu tangu skuli, mshonaji. Mlango wake umeungana na ile ya Mzee Nassor. Nilimpelekea gauni la Suhaila. Aliniona tu akapiga kigelegele kidogo.

"Hongera! Nasikia tumekuwa majirani."

"Inshaallah, nikimaliza fedha ya mzee."

"Na kodi utakuwa wampelekea nani? Mie yangu namrushia kwa simu yule mtoto wao wa Unguja. Ukichelewa siku moja anapiga mpaka unajuta kununua simu."

"Kodi gani? Mie nanunua."

Aliuzuia mguu, cherehani ikasimama. "Unanunua nini?"

"Milango."

"Kwa nani?"

"Weye vipi leo? Kwa Mzee Nassor."

Akaanza kucheka, akaona mie sicheki, akaacha. Akaliweka gauni chini.

"Mize. Nassor mpangaji. Kama miye hapa. Jengo lote hili lina wenyewe, wako Unguja, urithi wa babu yao. Nassor aliwahi tu, akawa na milango mitatu. Anailipia kodi kwa wenyewe, na yeye anawakodisha wengine kwa zaidi. Hicho kilemba ni cha kukuachia yeye nafasi, wewe ukae pahala pake. Kodi kwa wenyewe iko palepale, kila mwezi, awemo mtu asiwemo."

"Na wenyewe wakitaka jengo lao?"

"Wakitaka jengo lao wanachukua jengo lao. Kilemba utamdai Nassor, na Nassor atakwambia kilemba hakirudi kichwani."

Niliuliza tena, kama mtu asiyesikia vizuri. Akanieleza tena, pole pole, kama anavyowaeleza wateja kwamba kitambaa walicholeta hakitoshi. Kisha akasema, "Mie nilitoa kilemba changu nikijua. Ndani ya duka nashona, mikono yangu inalipa. Weye utaka kukaa nyumbani mlango ukulipe. Si sawa sawa."

Nilikwenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Sikulia. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu, kwamba Mzee Nassor hakunidanganya. Alisema kilemba. Hakusema nauza. Mimi ndiye niliyesikia nauza. Nilisikia kilemba nikaona harusi.

Nilimkuta Bi Mwanawema anachambua. Nikakaa, nikachambua naye. Nikamwambia yote, maana ingekuja kumfikia tu na ingekuja imeongezwa chumvi.

Akasema, "Na mie nilishangaa."

"Ulijua, mama?"

"Kilemba cha duka? Nani asiyekijua? Baba yake Hudhaifa alitoa kilemba cha duka Mtambile kule, tukakaa miaka miwili, mwenyewe akataka jengo lake. Tulirudi Konde na mizani na ndoo."

"Kwa nini hukunambia?"

Alichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, yakajaa kiganja ndipo akajibu. "Nilidhani wajua. Wewe umesoma. Kila siku nakuona waandika. Nikasema, huyu kesha piga hesabu zake, mie kizee nikitia mdomo nitaambiwa natamani fedha yake."

Ndivyo nilivyokuwa nimeshasema, ila si kwa mdomo. Niliandika.

16 Oktoba

Hudhaifa kasikia. Hakukasirika, na hilo limenitia uzito zaidi. Anasema tuendelee tu. "Hata kama si mali yetu, kodi inaingia. Kwa wenyewe unapeleka elfu sitini mlango, mpangaji anakupa mia na ishirini. Sitini yako, mara mbili, kila mwezi, hujagusa tofali."

Maneno yake yana hesabu. Nimelala nayo kichwani.

18 Oktoba

Nimekwenda tena kwa Mwanabaraka. Nilimuuliza, mwaka jana baada ya karafuu nani alikuwemo kwenye ile milango miwili?

"Mmoja alikuwemo muuza viatu mpaka mwezi wa pili, akahama. Mwengine mpangaji wake kufuli."

"Mpaka lini?"

"Mpaka karafuu zilipoanza kuchumwa tena. Shoga, hapa tunaona watu kwa sababu ya msimu. Mwezi wa nne ukiingia utasikia cherehani yangu toka kwenu."

Nimepiga hesabu kwa simu, nikaifuta, nikapiga tena. Miezi mitano ya msimu naingiza laki sita. Miezi saba mengine nalipa wenyewe kwa milango yote miwili, nayo mitupu. Mwaka mzima natoa mfukoni zaidi ya laki mbili. Na hapo nimetoa milioni sita, na jengo la watu.

Chumba chenye ukumbi mdogo na choo, walimu wanalipa hamsini kwa mwezi, miezi sita mbele. Wanakaa masika na kiangazi, karafuu zizae zisizae. Fedha yake inarudi pole pole mno, Suhaila atakuwa kesha maliza skuli. Lakini hakuna wa kunipigia simu kutoka Unguja.

Hudhaifa kasoma hesabu, kaigeuza simu upande, kasema, "Na arubuni?"

Hilo sina hesabu yake.

19 Oktoba

Jua, alhamdulillahi. Nusu ya karafuu za pili zimekauka.

23 Oktoba

Nilitaka kwenda kwa Mzee Nassor peke yangu. Bi Mwanawema alikwisha vaa buibui yake amesimama mlangoni. "Twende. Yule mie namjua tangu hana mvi."

Tulimkuta baada ya alasiri, duka tulivu. Akasimama, akatupa viti. Nikamwambia sikufahamu maana ya kilemba, nataka kuacha, naomba arubuni yangu. Nilisema vizuri.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu Mize, nilisema kilemba. Ningesema nauza, leo ungenishika shati. Nilisema nini?"

"Ulisema kilemba."

"Ahsante. Na arubuni, mnunuzi akijitoa, hairudi. Hiyo sikuitunga mimi. Nilimkataa mtu wa Wete kwa ajili yako."

Hapo Bi Mwanawema akaanza, sauti ya chini kabisa, kama anayeulizia bei ya kamba. "Nassor, ulipomuoa yule binti wa Mabruki, kilemba ulitoa?"

"Bi Mwanawema, ya nini haya?"

"Nakuuliza tu. Ulitoa?"

"Nilitoa."

"Mke ukamwacha hata mwaka haujesha. Kilemba chako ulikifuata?"

Mteja aliyekuwa anachagua misumari akaacha kuchagua.

"Hicho kilemba chengine," Mzee Nassor akasema.

"Ehe. Na yeye alidhani hicho chengine. Mtoto kaolewa juzi, kilemba anachokijua ndicho hicho, ukitoa umepewa. Wewe mtu mzima umekaa hapo, umemuona mtoto wa marehemu kafunga fedha kwenye kanga, hukumwambia hata, mwanangu, kodi kwa wenyewe ni kiasi kadhaa?"

"Hakuniuliza."

"Hakukuuliza. Na hilo jina la marehemu ulilotaja ukamuombea, nalo alikuuliza?"

Mzee Nassor alivua kofia akaifuta ndani kwa leso. Nilimtazama. Mwezi mmoja nyuma nilimuona mtu wa heri. Siku ile niliposhtuka nilimuona mwizi. Leo niliona mzee ambaye milango miwili imemshinda, anaogopa mwezi wa nne kama mimi ninavyouogopa, akapata mtu wa kumkabidhi. Hakunichukia wala hakunipenda.

Akasema, "Nusu. Nusu nitarudisha, kwa heshima ya mama yake. Nusu nyengine ni ya mtu wa Wete niliyemkosa."

Nilidhani Bi Mwanawema ataendelea. Alinigeukia mimi. "Fedha yako. Sema."

Nikasema napokea nusu. Aliihesabu mbele yetu, akaihesabu tena. Tukampa salamu, tukatoka.

Njiani Bi Mwanawema alisema, "Laki tano ni ada ya skuli. Ulitoka kidato cha pili, sasa umefika cha tatu." Akacheka peke yake mpaka kwenye kona. Nami nikacheka, baadaye kidogo.

24 Oktoba

Mvua. Tumelala mchana, wote watatu, na paka.

2 Novemba

Karafuu za mwisho kituoni. Baada ya kulipa wachumaji na kutoa zaka, ninayo fedha ya vyumba viwili kasoro, au chumba kimoja na akiba. Pamoja nayo bangili mbili za mama. Masoud anasema tia zote, na bangili, upandishe viwili kwa pamoja, kodi mara mbili. Fundi Silima naye anasema hivyo hivyo, kusogeza vifaa mara moja ni rahisi. Hudhaifa sasa anasema, "Wewe ndiye mwenye fedha." Sijui kama ni heshima au kakunja mikono.

7 Novemba

Suhaila ana homa.

8 Novemba

Homa haijashuka. Gari ya kina Hudhaifa iko gereji tangu juzi. Tumekodi gari ya mtu mpaka hospitali ya Wete. Njia nzima alikuwa moto kifuani kwangu kama chungu.

11 Novemba

Tumetoka hospitali. Malaria. Kanywa uji leo, kidogo, kisha kautemea ushungi wangu, nikafurahi.

Nilikaa kwenye kitanda kile siku zote nikafikiri vitu viwili tu, yeye na hesabu, na nikaona haya kwamba nilifikiri hesabu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilipotaka gari, fedha ilikuwepo. Nilipotaka dawa, ilikuwepo. Ingekuwa imekwisha kuwa tofali na saruji, ningesimama barabarani na tofali. Nyumba haikatwi kipande ukapeleka hospitali.

Nimekata shauri. Msingi wa vyumba viwili, kwa sababu msingi ukichimbwa mara moja ni nafuu. Kisha kinapanda chumba kimoja. Cha pili kitangoja. Bangili hazitoki.

13 Novemba

Kabla ya msingi nilimwambia Masoud tukakigawe kiwanja cha mama kwanza, mbele ya sheha, na mawe ya mpaka.

Alikuwa anakula muhogo. Akauweka. "Kwa hiyo huniamini."

"Nakuamini, kaka."

"Kiwanja cha mama yetu. Tumezaliwa pale. Mie nikufukuze weye?"

"Weye hunifukuzi. Lakini wanao watakuwa wakubwa, na wangu atakuwa mkubwa. Wao siwajui bado."

Akauchukua muhogo wake akaingia ndani. Mkewe alinisindikiza mpaka nje akanibana mkono. Sikujua anamaanisha nini.

15 Novemba

Masoud hajapita.

17 Novemba

Wala leo.

18 Novemba

Masoud kapita asubuhi na mundu na kamba. Kasema, "Sheha anatungoja. Na lile fungu la barabarani chukua wewe, mpangaji hatopenda kupita kwenye mbuzi wangu." Kwa sharia lile lilikuwa langu au lake, tungepiga kura. Kalitoa mwenyewe. Niliona haya kwa yote niliyoyawaza tangu juzi, ila mawe ya mpaka nimeyapanda vile vile.

25 Novemba

Msingi.

3 Disemba

Mvua. Fundi hakuja.

4 Disemba

Mvua. Fundi hakuja.

5 Disemba

Jua. Fundi kafiwa. Nilimkumbuka Mzee Nassor, nikakiri kwamba hilo alilisema kweli.

12 Disemba

Kuta zimefika madirishani. Bi Mwanawema anakwenda kila asubuhi na chupa ya chai ya mafundi, anakaa juu ya tofali, anawatazama. Fundi Silima kaniambia, "Bibi, mkweo akikaa pale sisi hatuwezi hata kuchanganya saruji kwa roho safi." Nilimwambia ndiyo maana namwacha akae.

Jana nilimsikia anamwambia jirani, "Nyumba ya Mize." Hakusema ya Hudhaifa.

20 Disemba

Fedha inakwenda kuliko karatasi yangu. Milango ya mbao imepanda bei. Nimemwambia fundi tusitie lipu nje, na kizingiti cha mlango apunguze, na sakafu iwe nyembamba. Hudhaifa kaleta bati nne alizonunua mwenyewe, sijui kazipata kwa fedha gani, kazishusha uani. Nimemuachia lile pande kubwa la samaki.

30 Disemba

Nimepita sokoni kununua vitasa. Wachumaji wamekwenda kwao. Upande wa Mzee Nassor mlango mmoja umefungwa, mwengine muuza simu anapanga vitu kwenye maboksi. Mzee alikuwa kibarazani. Alinisalimu, akaniuliza jengo limefika wapi, nikamwambia bati zimekwisha panda juu. Akasema mashaallah. Niliona anasema kweli. Kaniuzia vitasa, kanipunguzia kidogo bila mimi kuomba.

6 Januari

Limekwisha, kwa namna yake. Chumba, ukumbi mdogo, choo. Nje tofali tupu. Suhaila amesimama kwa kushika ukuta wake, kwa mara ya kwanza, kisha akakaa kwa kishindo.

9 Januari

Mwalimu Ruweida kaletwa kutoka Unguja, anasomesha hesabu. Lafudhi yake unaijua kabla hajamaliza salamu. Alitembelea nyumba mbili kabla ya yangu. Alifungua bomba, akalifunga, akagonga dirisha, akatazama bati kwa ndani. Akauliza mbona nje hamna lipu. Nikasema lipu itakuja. Akatabasamu, akatoa kodi ya miezi sita. Nimeigawa palepale: ya akiba, ya lipu, ya nyumbani. Ya chumba cha pili ni kidogo, lakini ipo.

10 Januari

Usingizi mzuri.

21 Januari

Jana imenyesha mvua kubwa isiyotarajiwa. Leo asubuhi tulikuwa tunakunywa chai, Hudhaifa anavaa viatu aende kwenye gari, hodi ikapigwa. Mwalimu Ruweida, nguo za skuli na ndara za matope, kakunja uso.

"Ukumbini maji. Yameingia chini ya mlango, mkeka wangu umerowa na vitabu vya watoto vimerowa."

Hudhaifa akainuka. "Pole sana, mwalimu. Nitakuja kutazama jioni."

Mwalimu akamwambia, kwa adabu, "Ahsante, kaka. Lakini nazungumza na mwenye nyumba." Akanigeukia. "Bi Mize, kizingiti kifupi. Nani aliyekubali kizingiti kile?"

Bi Mwanawema aliingiza uso wote kwenye kikombe.

Nikamwambia ni mimi niliyekubali, na ni mimi nitakayekirekebisha. Nimemfunga Suhaila mgongoni, nimechukua jembe, nimechimba mfereji mbele ya mlango mpaka maji yakageuka njia, kisha nimemwita Silima aje na tofali. Mwalimu kasimama juu yangu muda wote, anaonesha kwa kidole, hapa bado, na hapa. Ana haki yake. Nimemuomba radhi mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa najizuia nisicheke kwa furaha.